Fundi Anajibu: "Configure imenigomea" na maswali mengine ya wxWidgets

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya wxWidgets, ile laibrari ya C++ ya kutengeneza madirisha, menyu na vitufe, unaandika kodi mara moja halafu unaikompaili kwa Windows, Linux na Mac na kila mahali inatoka na sura ya mashine yenyewe. Sasa barua zimemiminika na karibu zote mmekwama palepale, kuijenga kutoka sosi, yaani kuikompaili wenyewe kwa configure (inayokagua mashine yako) halafu make (inayokompaili). Nimechukua hizi chache, zingine zinafanana nazo kwa hiyo ukiona jina la mji wako halipo usinune, soma tu, jibu lako limo.

Bwana Fundi, habari ya kazi. Mimi niko mwaka wa pili, nakaa Kikoni, nataka kutengeneza programu ya hesabu za SACCO ya mama yangu. Nilidaunlodi wxWidgets 3.2 nikaandika ./configure ikaenda vizuri halafu ikasema eti haioni GTK, na GTK iko maana desktopu yenyewe inafanya kazi! Rafiki akaniwekea vitu ikapita, sasa make -j8 inafika mahali inasema Killed inaacha. Laptopu ni ramu 4GB, Ubuntu 22.04, betri ilishakufa. Juzi umeme ukakatika katikati nikafuta yote nikaanza upya. Nisaidie ssebo. — Mwanafunzi, Kikoni

Pole sana, lakini umeuliza vitu vinne kwa mpigo kwa hiyo jibu ni refu.

Kwanza hiyo GTK, laibrari ya Linux ya kuchora madirisha ambayo wxWidgets inaitegemea. Unayo ya kuendeshea, huna ya kujengea. Desktopu yako inahitaji faili za .so (laibrari iliyokwisha kukompailiwa) peke yake, lakini kompaila inataka faili za .h (maelezo ya vilivyomo), na configure inatafuta kafaili kadogo ka .pc kupitia pkg-config, programu ya kuulizia laibrari iko wapi, na hivyo vyote viko kwenye pakiti nyingine kabisa inayoishia na -dev. Ni `sudo apt install build-essential libgtk-3-dev`, basi. Karibu kila malalamiko ya "iko lakini haioni" kwenye Ubuntu na Debian yanaisha na hiyo -dev, na ikigoma hata baada ya hapo fungua config.log kwenye folda hiyohiyo, tafuta neno gtk, utaona amri yenyewe configure iliyojaribu na jibu ililopewa. Watu wanaiogopa hiyo faili kwa sababu ni ndefu, na ndiyo yenye majibu.

Halafu kabla hujaendelea niulize, kwa nini unajenga kutoka sosi? Siulizi kwa ubaya. Mtu wa Ubuntu 24.04 au Debian 12 anaandika `sudo apt install libwxgtk3.2-dev` anaenda kunywa chai, na kwa huyo mimi namwambia aachane na sosi mpaka awe na sababu. Wewe wa 22.04 sababu unayo, apt yako ina 3.0, na huo mstari wa 3.0 ulitoka 2013 wakati 3.2 imetoka 2022, tofauti ni kubwa hasa kwa skrini za kisasa zenye pikseli nyingi. Kwa hiyo endelea, lakini usijenge kila kitu.

Hapo ndipo wengi mnapoteza siku nzima. wxWidgets ni kubwa na wewe unataka jedwali, vitufe na sehemu ya kuandika namba. Ndani yake kuna wxSTC, hiyo ni Scintilla nzima, edita ya kuandikia kodi yenye kuelewa lugha chungu nzima za programu, SACCO ya mama haiihitaji. Kuna webview ya kuonyesha kurasa za intaneti, kuna mediactrl ya video na muziki, kuna OpenGL ya michoro ya 3D. Zime zote. Na usiandike configure moja kwa moja kwenye folda ya sosi, tengeneza folda nyingine humo ndani ili ukitaka kubadilisha uamuzi unafuta hiyo folda moja na sosi inabaki safi:

```
mkdir gtk-build
cd gtk-build
../configure --with-gtk=3 --disable-shared --disable-stc \
  --disable-webview --disable-mediactrl --without-opengl
```

Hiyo --disable-shared maana yake wxWidgets inaingia ndani ya programu yako yenyewe, hutabeba faili za .so pembeni ukienda kuiweka kwenye mashine ya ofisi ya SACCO. GTK yenyewe itabaki nje, lakini hiyo kila Ubuntu ya desktopu inayo.

Sasa configure ikimaliza, SOMA. Mistari ya mwisho kabisa inakuandikia muhtasari, inasema toolkiti ni GTK+ 3 au kitu kingine, laibrari ni shared au la, halafu orodha ya jpeg, png, tiff, zlib, expat, na mbele ya kila moja neno sys au builtin. Sys ni kwamba imeikuta kwenye mashine yako na itaitumia hiyo, builtin ni kwamba itajenga ile iliyokuja ndani ya sosi. Zote sawa, lakini ujue umepata ipi. Ukitaka kulazimisha unaandika kwa mfano `--with-libpng=builtin`. Na kuna mtego, flagi ukiikosea herufi, tuseme umeandika --disable-webveiw, configure haisimami, inaendelea tu na maisha yake. Hali kadhalika kitu ulichokitaka kisipopatikana inaweza kukizima yenyewe ikakuachia onyo juu huko kwenye mamia ya mistari iliyopita, we unakuja kugundua baadaye kodi yako inapolalamika kwamba wxWebView haijulikani na unadhani kosa ni la kodi.

Killed sasa. Hiyo siyo wxWidgets, ni kernel, kiini cha Linux chenyewe, imeona ramu imeisha ikaua kompaila. Andika `sudo dmesg | tail` utaikuta imeandikwa cc1plus, ndiyo kompaila ya C++. Umeandika -j8, maana yake umeita kompaila nane zifanye kazi kwa pamoja kwenye ramu ya 4GB na brauza imefunguliwa na vichupo sijui vingapi. Andika `make -j2`, ikigoma `make` bila kitu, funga brauza, na kama swap yako (sehemu ya diski inayosaidia ramu) ni ndogo ongeza ya faili:

```
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Itaenda polepole lakini itafika.

Na umeme ukikatika USIFUTE! make inaangalia saa za faili, kilichokwisha hairudii, unarudi kwenye gtk-build unaandika make tena inaendelea ilipoishia. Shida ni moja tu, ile faili iliyokuwa inaandikwa sekunde hiyo umeme unaondoka inaweza kubaki tupu au nusu, na saa yake ni mpya kwa hiyo make inadhani imekamilika, halafu mwishoni kabisa kwenye kulinki, yaani kuunganisha vipande kuwa programu, unaambiwa faili fulani ya .o (kipande kilichokompailiwa) haieleweki au imekatika. Kabla ya kuendelea piga:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
```

Hiyo inaondoa zilizo tupu. Ikibaki moja ya nusunusu, linka itaitaja kwa jina, unaifuta hiyo peke yake unaandika make. Na kama ni faili ya .a ndiyo inayolalamikiwa futa hiyo .a, itatengenezwa upya haraka maana ni kukusanya tu zile .o. Mwenye mita ya Yaka aangalie yuniti kabla ya kuanza, hilo nalo liko mikononi mwako.

Ikimaliza ingia `samples/minimal` ndani ya hiyohiyo gtk-build, andika make, halafu `./minimal`. Dirisha dogo likitokea umemaliza. Wala huna haja ya make install, tumia wx-config ya humohumo, ndiyo inayoipa kompaila flagi zake (hapa sosi iko ~/wx, weka njia yako):

```
g++ hesabu.cpp $(~/wx/gtk-build/wx-config --cxxflags --libs) -o hesabu
```

Angalia hesabu.cpp imetangulia na wx-config imefuata. Ukigeuza, na wewe umejenga bila shared, utapata ukurasa mzima wa "undefined reference" wakati kila kitu kipo, kwa sababu linka inasoma kutoka kushoto kwenda kulia na laibrari iliyopita kabla ya mtu kuihitaji haichukui kitu ndani yake.

Ndugu Fundi, mie natumia Windows na MinGW (kompaila ya GCC ya Windows), nimejenga ikakubali bila kosa hata moja, sasa programu yangu inasema wx/setup.h haipo. Nimeitafuta naiona ipo! Halafu nyingine niliyomfanyia mteja wa Koboko ilikubali kwangu, kwake ikaomba libstdc++-6.dll. — Fundi kompyuta, Arua

Hii setup.h imetesa watu tangu zamani. Unayoiona ni ile ya `include\wx\msw`, hiyo ni ya asili. Ukijenga, inanakiliwa kwenye folda ya matokeo, na kompaila inatakiwa kuelekezwa huko. Kama ulijenga kwa

```
mingw32-make -f makefile.gcc SHARED=0 BUILD=release
```

basi iko `lib\gcc_lib\mswu\wx\setup.h`. Herufi zinasoma hivi, msw ni Windows, u ni Unicode, na ukijenga debug inaongezeka d inakuwa mswud. Ungejenga SHARED=1 folda ingekuwa gcc_dll. Kwa hiyo kwenye mradi wako unaweka njia mbili za -I, moja ya `include` na nyingine ya `lib\gcc_lib\mswu`, na usichanganye, programu ya release iende na mswu, ya debug na mswud. Kwa nini kuna nakala mbili? Ni kwa sababu kila namna ya kujenga ina mipangilio yake, debug inaweza kuwa na kitu ambacho release haina. Ukitaka kuzima vitu kwa upande wa Windows ndiyo faili yenyewe hiyo, badala ya flagi za configure unaingia kwenye ile ya asili unaandika 0 mbele ya `wxUSE_STC`, `wxUSE_WEBVIEW` na wenzake KABLA ya kujenga. Ukibadilisha baadaye inabidi ujenge upya.

Mteja wa Koboko ni rahisi. wxWidgets uliiweka ndani lakini laibrari za kompaila yenyewe zimebaki nje, kwako zipo kwa sababu MinGW iko, kwake hakuna. Ongeza `-static` kwenye mstari wa kulinki. Utaona .exe imenenepa, hiyo si shida, bora inene kuliko kupanda basi kurudi Koboko na flashi.

Na tafadhali wale mnaodaunlodi wxWidgets iliyojengwa tayari na Visual Studio halafu mnailinki na MinGW, hiyo haiwezekani, C++ ya hao wawili haisikilizani. Kompaila moja kwa vyote.

Afande Fundi! Nimestaafu sasa nasoma mambo ya kodi polepole nyumbani. Nilitoa sosi kwa git clone nikajenga, ikagoma mapema sana, haioni faili za PCRE. Nikadaunlodi zip nikajenga na --enable-stl nikaandika make install. Programu inakompaili lakini nikiiendesha inakufa palepale inasema kuna kutolingana kati ya programu na laibrari. Ubuntu 24.04. — Mstaafu, Bombo

Afande nashukuru kwa heshima ingawa mimi ni raia tu. Ya git kwanza, sosi ya wxWidgets inachukua laibrari nyingine kama PCRE (ya kutafuta maandishi kwa ruwaza), zlib, expat na libpng kutoka hazina zao zenyewe, git clone ya kawaida inakuletea folda tupu za hivyo. Ungeandika `git clone --recurse-submodules`, au ndani ya folda uliyokwisha kuitoa `git submodule update --init`. Ukitumia ile faili iliyofungashwa ya toleo rasmi, vyote vimo, na kwa mwenye data ya kubana hiyo ndiyo nafuu maana git inakuletea na historia yote ya miaka.

La pili, nakuhakikishia una wxWidgets mbili. Ubuntu 24.04 ukiweka FileZilla inakuja na wxWidgets 3.2 yake, we umejenga 3.2 nyingine ikaenda /usr/local, majina ya faili za .so yanafanana, na bila shaka baada ya make install hukuandika `sudo ldconfig`. Matokeo yake programu ilijengwa na yako lakini ikiwaka inapakia ya mfumo. Yako inahifadhi data kwa kontena za STL (laibrari ya kawaida ya C++), ya mfumo kwa kontena za wx yenyewe, na wxWidgets ina ukaguzi wa hilo mwanzoni kabisa, inaona haziendani inakataa kuendelea. Nafurahi inakataa! Ingenyamaza ungepata programu inayokufa ovyo bila sababu. Thibitisha hivi:

```
ldd ./programu | grep wx
which -a wx-config
```

Ya kwanza inakuonyesha inapakia kutoka wapi. Piga `sudo ldconfig` ujaribu tena. Lakini ushauri wangu, ondoa hiyo ya /usr/local kwa `sudo make uninstall`, na kama unajifunza tu tumia ya apt, --enable-stl haitakufundisha C++ haraka zaidi.

Fundi, nilijenga programu kwenye laptopu mpya ya Ubuntu 24.04, kwenye mashine ya shule yenye 20.04 inasema GLIBC_2.38 haipo. Na nilitumia --disable-shared kama ulivyosema! — Mwalimu, Mbarara

Mwalimu, --disable-shared inaingiza wxWidgets, haiingizi glibc, laibrari ya msingi ya C ambayo programu za Ubuntu zinaitegemea. 24.04 ina glibc 2.39, 22.04 ina 2.35, 20.04 ina 2.31. Programu iliyojengwa kwenye mpya haishuki chini, iliyojengwa kwenye ya zamani inapanda bila shida. Kwa hiyo jenga kwenye mashine ya zamani kuliko zote utakazowapelekea, au weka 20.04 ndani ya kontena (kama ya Docker) ujengee humo. Usijaribu kudaunlodi glibc mpya uiweke kwenye mashine ya shule kwa nguvu, hiyo mashine haitawaka tena na mkuu wa shule atakutafuta wewe.

Naomba kuuliza, nikitengeneza programu ya duka kwa wxWidgets nikaiuza hapa mpakani, kuna mtu atakuja kunidai au kunilazimisha nitoe kodi yangu? Na hii kitu ni ya nani? — Nyabo wa duka, Busia

Hapana nyabo, uza. Leseni yake imejengwa juu ya LGPL, leseni ya programu huria, lakini ina ruhusa ya ziada iliyoandikwa wazi, kwamba programu uliyoijenga unaweza kuitoa kwa masharti yako mwenyewe bila kutoa kodi, hata kama umeilinki ndani kabisa. Ukibadilisha sosi ya wxWidgets yenyewe hapo ndipo soma leseni vizuri. Hapa ndipo inapoishinda Qt, laibrari nyingine ya namna hii, kwa mfanyabiashara mdogo, maana Qt ya bure ukiilinki kwa ndani LGPL inakuletea masharti zaidi.

Aliyeianzisha ni Julian Smart mwaka 1992 akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Zamani iliitwa wxWindows, 2004 wakabadilisha jina baada ya Microsoft kuomba, si unajua tena Windows ni ya nani. Audacity ya kurekodi sauti (mpaka matoleo ya 3) na KiCad ya kuchora sakiti zimejengwa nayo, kwa hiyo siyo kitu cha kuchezea.

Programu yangu iko kwa Kiingereza, wateja wanataka Kiswahili. Nimeweka wxLANGUAGE_SWAHILI inaniambia lugha haiwezekani. — Bila jina, Tororo

Faili ya tafsiri siyo tatizo, tatizo ni lokali, yaani mipangilio ya lugha na nchi kwenye mfumo. wxLocale inauliza mfumo kama una lokali ya Kiswahili na mashine nyingi hazijawekewa. Kwenye Ubuntu `sudo locale-gen sw_KE` au sw_TZ inaitengeneza, na kwa wale wa Luganda lg_UG nayo iko. Lakini huwezi kuzunguka kwa kila mteja ukiandika hivyo. Njia nzuri zaidi iachie wxLocale, tumia wxTranslations peke yake, hiyo haijali mfumo una lokali gani:

```
wxTranslations::Set(new wxTranslations);
wxTranslations::Get()->SetLanguage("sw");
wxTranslations::Get()->AddCatalog("duka");
```

Maneno unayazungushia `_("...")` kwenye kodi, unatafsiri kwenye faili ya .po kwa Poedit, ambayo nayo imejengwa na wxWidgets, inakutolea duka.mo, unaiweka kwenye folda ndogo inayoitwa sw, na folda iliyoibeba hiyo sw unaitaja kwa `wxFileTranslationsLoader::AddCatalogLookupPathPrefix` kabla ya ile mistari mitatu, la sivyo itaenda kutafuta kwenye njia za mfumo na haitaiona. Na tarehe na namba zitabaki za mfumo, kwa hiyo shilingi usiziache zijipange zenyewe, weka mkato wa maelfu kwa mkono.